Ugoko unauma na kila mtu ana ushauri wake: mimi nilivyompata wa kumwamini

Mkuu, umesema ugoko wa kulia unakuuma wiki ya tatu sasa. Mwenzako wa mazoezi anasema kaza, duka la dawa wamekupa vidonge, nyumbani wanataka ukandwe, nawe huelewi umsikilize nani. Pole sana. Nilipita hapo hapo, naomba nikueleze kwa kirefu.

Nilikuwa najiandaa na nusu marathoni, kilomita 21. Nilikuwa natoka Kisasa, Dodoma, alfajiri, napanda kuelekea chuo kikuu cha UDOM, na ndani ya mwezi mmoja nikatoka kilomita 15 kwa wiki hadi 40. Ugoko ukaanza kuuma kwa ndani. Kikundini mmoja akanikumbusha John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bandeji. Namheshimu mno mzee yule. Lakini yeye alikuwa anamaliza mbio aliyotumwa na nchi yake, mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya Jumanne, na Alhamisi natakiwa tena barabarani.

Nikanunua diklofenaki. Maumivu yakatulia, nikakimbia kilomita 12 nikijiona nimepona, na usiku ule sikulala. Nikaenda kwenye zahanati moja, wakapiga eksirei, wakaniambia mfupa mzima, nirudi mazoezini. Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Hakuna aliyeniambia kwamba ufa mwembamba unaotokana na mfupa kuchoshwa tena na tena, kwa kawaida hauonekani kwenye eksirei wiki mbili tatu za mwanzo.

Aliyenisaidia ni mama mmoja mtaalamu wa fiziotherapia. Kwanza aliuliza. Nimeongeza kilomita ngapi, kwa muda gani? Maumivu yanaanza nikianza kukimbia au yananikuta njiani? Nikipata moto yanapungua au yanazidi? Usiku kitandani je? Akaomba raba zangu, akazigeuza akaangalia soli zilivyolika. Ndipo akashika mguu. Kwa kidole kimoja alibonyeza mfupa kuanzia chini ya goti, akishuka kidogo kidogo, huku ananitazama usoni. Shibiri moja juu ya kifundo nikavuta mguu. "Hapo?" Hapo hapo, mama.

Akanieleza tofauti ambayo sijaisahau. Maumivu yaliyosambaa kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, urefu wa kiganja hivi, ambayo mara nyingi hupungua ukipata moto, kwa kawaida ni mfupa na nyama zake kulemewa, bado hakuna ufa. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuifunika kwa sarafu, yanayozidi kadiri unavyokimbia na kukufuata hadi kitandani, hayo uyahofie ufa. Akanizuia kukimbia kabisa, akakataza kukandwa kwa nguvu pale panapouma, akanipangia eksirei nyingine baada ya wiki mbili. Isipoonyesha kitu na pale pakawa bado panauma, tungetafuta kipimo cha MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mfupa. Akaniambia pia nisisubiri tarehe hiyo kama mguu utavimba au nikashindwa kuukanyagia.

Eksirei ya pili ilionyesha mfupa umeanza kujiunga. Nilikaa wiki 8 bila kukimbia, nikarudi kwa kutembea, kisha dakika moja mbio, dakika mbili kutembea.

Tangu hapo mshauri nampima kwa maswali yake. Aliyekupa jibu kabla hajauliza umekimbiaje mwezi uliopita, hata kama ana medali, anakusimulia mguu wake. Nawe nenda umejiandaa: andika kwenye daftari kilomita za kila siku, maumivu yalianza wapi, asubuhi yake mguu uliamkaje. Daftari langu ndilo lililomfanya yule mama ashtuke, maana mimi kwa mdomo nilimwambia "nimeongeza kidogo tu". Na mwulize waziwazi: nisipopata nafuu baada ya wiki mbili, tunafanya nini? Mwenye ujuzi hakasirishwi na swali hilo.

Sisi huku tunaweza kukusimulia yetu, mguu wako hatuwezi kuushika. Ila kesho asubuhi, kabla hujameza kidonge chochote, kaa kitandani ubonyeze ugoko kwa kidole kimoja kutoka juu hadi chini. Kama panauma sehemu moja tu, acha kukimbia siku hiyo hiyo na uende hospitali yenye kitengo cha fiziotherapia, raba na daftari mkononi.