Jumla ya RAM inayozidi RAM yenyewe

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kompyuta yangu ya Linux ina RAM ya gigabaiti 4. Nilifungua top, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, nikajumlisha safu ya RES ya programu zote, nikapata zaidi ya gigabaiti 5, ilhali mashine haijaanza kutumia diski badala ya RAM. Je, top inanidanganya?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, top haidanganyi, ila safu ya RES haifai kujumlishwa. Huonyesha kurasa zote za programu, yaani vipande vya kumbukumbu vyenye ukubwa maalumu, zilizomo ndani ya RAM, zikiwamo zile inazochangia na wenzake, hivyo ukurasa mmoja unaochangiwa na programu 30 huhesabiwa mara 30.

Chukua maktaba ya libc, yaani faili la msimbo wa pamoja ambalo karibu kila programu huitegemea. Programu inapoanza, faili la maktaba hiyo halinakiliwi lote kwenye RAM. Mfumo endeshi huombwa, kwa wito wa mmap, ulifungamanishe na anwani fulani za programu, na wakati huo huenda hakuna hata baiti moja iliyosomwa. Programu inapogusa anwani ambayo bado haijaunganishwa na ukurasa wowote, kichakataji huukatiza utekelezaji na kuukabidhi kwa mfumo, nao hutafuta ukurasa husika, ambao kwenye mashine za Intel na AMD kwa kawaida ni wa baiti 4,096. Ukiwa umekwisha kuletwa na programu nyingine, diski haiguswi: jedwali la kurasa, linaloonyesha kila anwani ya programu iko wapi ndani ya RAM, huelekezwa palepale.

Andika cat /proc/self/maps ujionee orodha ya anwani za programu na mafaili yaliyofungamanishwa nazo. Libc imetajwa kwenye mistari kadhaa. Wenye r-xp ni wa msimbo, wenye rw-p ni wa data inayoweza kubadilika. Herufi p humaanisha mali binafsi, jambo linalowachanganya wengi, kwani hata kurasa hizo huchangiwa mpaka programu inapoandika juu yake, ndipo hupewa nakala yake.

Hesabu ya haki ni Pss, iliyomo katika faili la smaps_rollup la kila programu chini ya /proc, ambamo ukurasa unaochangiwa na programu 30 hugawanywa kwa 30. Hata hivyo, kwa duka lako ningeanza na amri ya free na kutazama safu ya available, yaani RAM ambayo bado inaweza kutumika, kabla ya kununua RAM, maana mlaji mkubwa huwa ni kivinjari, na sehemu kubwa ya anachokula ni data yake mwenyewe, isiyochangiwa na yeyote.