Baiskeli ya kuendesha kwa mikono ianze na kiti

Watu wengi wanaokuja karakanani kwetu Tanga kumtafutia ndugu yao asiyeweza kutumia miguu baiskeli ya magurudumu matatu huanza kuulizia bei ya bomba na gharama ya kuchomelea. Mimi huwauliza kwanza mhusika anakaaje, anahamaje kutoka kitandani, na njia anayopita kila siku ina mchanga au mlima kiasi gani.

Kiti ndicho kinachonichukulia muda mwingi. Mtu aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hana hisia makalioni, kwa hiyo hawezi kujua kwamba mshono au ubao mtupu unamchubua hadi kidonda kiwe kimeshaingia ndani, na kidonda cha namna hiyo kinaweza kumlaza kitandani kwa miezi. Sponji iwe nzito. Akishakaa, pitisha vidole chini ya mifupa ya makalio yake, na ukiona sponji imelala kabisa juu ya ubao, ibadilishe. Hata akiwa na mto mzuri, ajifunze kujiinua kwa mikono kila baada ya muda mfupi. Ikiwezekana, vipimo vya kukaa vichukuliwe na mtaalamu wa viti mwendo, kwa mfano aliyesomea fani hiyo TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoko Moshi. Kimo cha kiti kilingane na kitanda, na breki ya kuegeshea iwepo, maana wengi huanguka wakati wa kuhama.

Kwa upande wa cheni, usihamishe tu vyuma vya baiskeli ya kawaida, kwa kuwa mikono haina nguvu ya miguu. Sproketi (duara la meno linaloshika cheni) ya juu kwenye vishikio ikiwa na meno sawa na ya chini kwenye gurudumu, gurudumu la inchi 26 husogea takribani mita 2 kwa kila mzunguko wa mikono, yaani kilomita 7 hivi kwa saa kwa mizunguko 60 ya dakika. Hapa mjini huo ni mwendo wa kutosha. Kwa anayeishi milimani Lushoto ningeweka meno 16 juu na 22 chini, aende polepole lakini afike. Vishikio navyo vizunguke pamoja, si kwa kupishana kama pedeli, kwa sababu usukani uko hapohapo na mikono ikipishana gurudumu la mbele huyumba. Kishikio kikiwa mbali kabisa na kifua, kiwiko kibaki kimekunjwa kidogo. Mwenye vidole dhaifu afungiwe mikanda laini, na breki iwe ile ya kuzungusha vishikio kinyume, asilazimike kubana chochote.

Mwaka 1655 huko Nuremberg, Ujerumani, fundi saa Stephan Farffler, ambaye mwenyewe hakuweza kutembea, alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu cha kuzungusha kwa mikono. Yeye alikuwa fundi na mteja kwa pamoja. Sisi wengine hatuna budi kumwita mteja mapema. Shikiza fremu kwa nukta chache za moto, mkalishe, azungushe, aseme panapomuumiza, ndipo umalizie kuchomelea. Kabla ya hapo pima pia mlango wa nyumbani kwake na wa choo, na upana wa baiskeli uupime kwenye ncha za ekseli za nyuma, ambazo hutokeza nje kuliko tairi.