Kuhamia Michenzani: wapi pa kununua, wapi pa kula

Dada, umesema unahamia Michenzani, mjini Unguja, na wanao wawili, unatoka kazini jioni, na unaogopa utaishia kula chipsi kila siku. Hutokula chipsi. Mtaa ule una chakula mpaka usiku.

Anza na duka la chini ya jengo lako. Salimia, jitambulishe, nunua hapo hapo japo mkate wa boflo na sukari. Mwenye duka akishakujua atakuwekea maziwa, na mtoto utaweza kumtuma peke yake. Daftari la deni usiliombe mapema, subiri akuzoee.

Jioni tafuta mkate wa ufuta. Usichukue uliopangwa kwenye sinia tangu alasiri. Subiri unaotoka jikoni, chini umekauka kwa moto wa mkaa, juu ufuta umeshika rangi. Ukipata na mishkaki, wanao hawatouliza wali. Urojo, ule mchuzi mzito wa Zanzibar, nao upo, ila mwambie muuzaji pilipili aiweke mbali, maana wengine wana mkono mzito.

Samaki na mboga nenda soko la Darajani, kwa miguu tu, asubuhi ya siku ya mapumziko. Samaki mfunue mashavu: yakiwa mekundu chukua, yakigeuka kahawia mpite. Forodhani, bustani ya vyakula vya usiku kando ya bahari, mwachie mgeni wako, bei yake si ya kila siku.

Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, kwa hiyo chakula cha watoto kipike usiku.