Je, ukuaji wa asilimia 6 unatosha kutufikisha kwenye dola 7,000?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa somo la Uchumi wa kidato cha tano na cha sita mkoani Dodoma. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 imelenga Pato la Taifa la dola trilioni moja za Marekani na pato la wastani la dola 7,000 kwa kila mtu. Wananiuliza: ikiwa uchumi wetu umekuwa ukikua kwa takriban asilimia 6 kwa mwaka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, si tutafika tu tukiendelea na mwendo huu? Na kwa nini ninyi wachumi mnasisitiza tija, ilhali reli, barabara na mabwawa ya umeme vinaendelea kujengwa? Kwani hivyo si tija?

JIBU: Nakushukuru, Mwalimu. Nianze na hesabu, kwa sababu sehemu kubwa ya mabishano kuhusu Dira ingekwisha kama wanaobishana wangetangulia kukokotoa. Asilimia 6 ni kasi ya ukuaji wa Pato la Taifa zima. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, na ile ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, ambalo ni ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Ukiliondoa ongezeko hilo, pato la mtu mmoja limekuwa likikua kwa asilimia 3 hivi, na kwa mwendo huo linahitaji kama miaka 23 kuongezeka maradufu. Kwa kuwa pato la wastani la sasa ni dola 1,200 hivi, baada ya miaka 25 litakuwa limefika dola 2,500 kwa thamani ya leo.

Nimesema kwa thamani ya leo makusudi, maana dola ya 2050 haitanunua kile inachonunua dola ya sasa. Benki Kuu ya Marekani hulenga mfumuko wa bei wa asilimia 2 kwa mwaka; lengo hilo likizingatiwa, dola 7,000 za wakati huo zitakuwa sawa na dola 4,300 hivi za leo. Ili kuzifikia, pato halisi la mtu lazima likue kwa zaidi kidogo ya asilimia 5 kila mwaka kwa robo karne, na hapa nimechukulia kwamba thamani ya shilingi itafuata tofauti ya mfumuko wa bei kati ya Tanzania na Marekani. Ongezeko la watu likishuka hadi asilimia 2.5, basi Pato la Taifa lenyewe halina budi kukua kwa karibu asilimia 8. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hapana, mwendo wa asilimia 6 hautufikishi. Hata hivyo lengo si ndoto ya mchana: Vietnam, tangu mageuzi yake ya Doi Moi ya mwaka 1986, imekuza pato la mtu kwa kasi inayokaribia hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka 30.

Asilimia 2 za ziada zitatoka wapi? Hapo ndipo tija inapoingia. Mwaka 1957 Robert Solow, ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobeli ya Uchumi ya 1987, aliupima uchumi wa Marekani wa 1909 hadi 1949. Aliona kwamba uzalishaji kwa saa moja ya kazi ulikuwa umeongezeka maradufu, lakini ongezeko la mtaji, yaani mitambo, majengo na miundombinu, kwa kila mfanyakazi lilieleza sehemu moja tu ya nane ya ongezeko hilo. Zile sehemu saba zilizobaki hazikutokana na mitambo mingi zaidi wala na watu wengi zaidi, bali na namna bora ya kuvitumia vilivyopo. Baki hilo ndilo wachumi hulipima kama tija ya jumla, na ndani yake mna teknolojia, ujuzi, mpangilio wa kazi, uhakika wa mikataba, na pia, tuseme kweli, makosa yote ya takwimu.

Wanafunzi wanaweza kulikokotoa ubaoni kwa tarakimu za mfano. Tuseme mtaji wa nchi unakua kwa asilimia 8 kwa mwaka, nguvukazi kwa asilimia 3, na mgawo wa mtaji katika pato, yaani sehemu ya pato inayokwenda kwa wenye mtaji, ni asilimia 40. Mtaji unachangia 0.4 mara 8, yaani 3.2, nguvukazi inachangia 0.6 mara 3, yaani 1.8. Jumla ni 5.0. Kama pato limekua kwa asilimia 6, tija ya jumla imechangia 1 tu. Sasa waulize kama hali hiyo inaweza kudumu. Haiwezi, kwa sababu mtaji unaokua kwa asilimia 8 huku pato likikua kwa 6 unadai sehemu kubwa zaidi ya pato hilo iwekezwe kila mwaka, ama kwa kujinyima ama kwa kukopa, na kila shilingi inayoongezwa inaleta kidogo kuliko iliyotangulia.

Nenda Keko, Dar es Salaam, kwa mafundi seremala. Fundi aliyekuwa akitumia randa ya mkono amekopa na kununua mashine ya kuranda. Kwenye takwimu, mtaji kwa mfanyakazi umepanda. Lakini umeme ukiwa wa mgao, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023, mashine inalala nusu siku, fundi anakaa kwenye benchi, mteja wa kitanda anapigwa tarehe, na marejesho ya mkopo hayasubiri. Umeme ukitulia, fundi yule yule, kwa mashine ile ile na kijana wake yule yule, anamaliza vitanda vingi zaidi kwa wiki bila kununua hata kitendea kazi kimoja cha ziada. Tofauti hiyo ndiyo tija ya jumla ya karakana yake.

Kuna mchumi mwenzangu atakayenipinga hapa, na ana hoja. Atamtaja mchumi Alwyn Young, aliyeonyesha mwaka 1995 kwamba sehemu kubwa ya ukuaji wa Singapore, Korea Kusini, Taiwan na Hong Kong ilitokana na kulimbikiza mtaji, kuongeza watu kazini na kuwasomesha. Kwa Singapore, tija ya jumla ilikuwa karibu na sifuri. Nakubali kwamba nchi inaweza kwenda mbali kwa ulimbikizaji. Ila Singapore iliweka akiba kwa viwango ambavyo kaya ya Tanzania yenye watoto wengi haiwezi kuviota, na iliwahamishia watu wake kwenye kazi za viwandani na bandarini zenye uzalishaji mkubwa.

Suala hilo la kuhama ndilo ningependa wanafunzi wako walitazame kwa makini kuliko mengine yote. Kilimo chetu kinaajiri takriban asilimia 65 ya nguvukazi na kuchangia kama asilimia 26 ya Pato la Taifa. Gawanya: mtu aliye nje ya kilimo anazalisha takriban mara tano ya mkulima. Kwa mantiki hiyo, kila kijana anayeacha jembe la mkono na kupata kazi nyingine anapandisha wastani wa nchi hata kama hakuna aliyevumbua chochote. Tatizo ni kwamba wengi wanaotoka shambani hawaendi kiwandani. Wanaendesha bodaboda, wanakuwa machinga, wanauza chakula kando ya barabara. Wa kumi anapoegesha pikipiki kwenye kijiwe cha watu tisa, abiria hawaongezeki, ila wanagawanywa upya. Pengo la mara tano linalosomeka kwenye wastani halimhusu huyo.

Matokeo yake yanaonekana kwenye umaskini. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya ulionyesha kwamba walio chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 28.2 mwaka 2011/12 na asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Miaka sita ya ukuaji wa kasi ilipunguza chini ya pointi mbili. Ukuaji uliobebwa na ujenzi, madini na mawasiliano humfikia mkulima wa mahindi polepole, hasa ikiwa ekari yake bado inatoa magunia machache kwa sababu mbegu ni ya kurudia na mbolea imechelewa kufika. Binafsi sioni njia ya kufika asilimia 8 inayoliruka shamba. Kilimo kikizalisha zaidi kwa kila mtu, chakula kinashuka bei mjini, kiwanda kinapata malighafi, na anayehama anahama kwa kuitwa na kazi, si kwa kufukuzwa na ukame.

Nigusie uzazi kwa ufupi. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta wastani wa watoto 4.8 kwa kila mwanamke. Ukishuka, wategemezi kwa kila anayefanya kazi wanapungua na akiba inapata nafasi, lakini faida hiyo hutegemea kuwapo kwa kazi za kuwapokea vijana.

Sasa reli na mabwawa. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria 2024, na Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, kwanza ni mtaji. Huhesabiwa kama uwekezaji tangu zege linapomwagwa, na pato la mwaka huo linapanda hata kabla ya treni kutembea. Huwa tija pale tu gharama ya wanaovitumia inaposhuka. Kwa reli, basi, nisingehesabu kilomita. Ningeuliza nauli ya kusafirisha tani moja ya alizeti ya Dodoma hadi bandarini, siku ambazo mzigo unangoja njiani, na kama wenye viwanda vya kukamua mafuta wameanza kupunguza akiba ya malighafi wanayolazimika kuirundika ghalani. Wanafunzi wako wako karibu na stesheni na karibu na mashamba hayo ya alizeti, kwa hiyo data hiyo wanaweza kuikusanya wenyewe kwa wasafirishaji na wakamuaji wa hapo Dodoma.