Miezi sita bila mshahara kwa mtu wa hisa: jibu langu

Mdogo wangu, umeuliza kama ukubali kujitolea miezi sita bila malipo kwa huyo jamaa wa Mwanga, Kigoma, anayenunua na kuuza hisa peke yake kwa fedha alizokusanya kwa watu.

Kabla ya kuzungumzia nauli, mwombe akuonyeshe leseni. Anayesimamia uwekezaji wa wengine kwenye hisa anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hakitoshi, kile kinaonyesha tu kwamba jina la biashara au kampuni limesajiliwa. Jina lake litafute kwenye orodha ya mamlaka yenyewe. Asipokuwemo, usiende hata akikulipa.

Nami nilijitolea hivyo Tabora. Kila jioni nilinakili bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam kwenye daftari la kaunta, na bosi hakuwahi kunieleza kwa nini ameuza au ameshikilia. Mwezi wa tatu akaniambia nilete ndugu zangu waweke hela. Mama mdogo akaweka ya mauzo ya mpunga. Hadi leo namwonea aibu.

Kwa hiyo kama leseni ipo, omba miezi mitatu, nauli na chakula cha mchana, na barua inayotaja utakachofundishwa: kusoma hesabu za kampuni, kuandika sababu ya kila ununuzi. Fedha za wateja zisipite kwenye simu yako, hata shilingi elfu kumi.