Jibu: Mama ameruhusiwa siku ya pili baada ya upasuaji wa mgongo

Salaam ndugu yangu, na pole kwa kuuguza. Umeuliza iwapo kuruhusiwa siku ya pili, baada ya kuondolewa diski (kile kipande laini kati ya pingili za uti wa mgongo) iliyobana mshipa wa fahamu kiunoni, kutamchelewesha mama kupona. Nami niliruhusiwa siku kama hiyo, nikarudi Tanga kutoka Dar es Salaam, takribani kilomita 350, na kilichonitesa si kutoka mapema bali kutoka bila maelekezo, kwani nilikabidhiwa vidonge na tarehe ya kutoa nyuzi, basi.

Kwanza kabisa, mwulize kama anakojoa vizuri. Akishindwa kukojoa, akifa ganzi sehemu za siri, au miguu ikizidi kulegea, mpelekeni hospitali ya Bombo, hapa Tanga, usiku huohuo, msisubiri siku ya kliniki. Homa, kidonda kinachotoa majimaji, na uvimbe wa shavu la mguu mmoja navyo havingoji.

Kama hayo hayapo, kazi iliyobaki ni ya nyumbani. Kitanda changu cha kamba kilibonyea katikati kama mtumbwi, nikahamia kwenye godoro gumu. Kuamka nako nikajifunza upya, yaani kugeuka mwili mzima kama gogo, kushusha miguu, kisha kujiinua kwa mkono. Choo cha kuchuchumaa kilinishinda, hadi fundi aliponitobolea kiti cha plastiki. Atembee kidogo kidogo mara nyingi, asiinue hata ndoo ya maji, na ale mapapai, kwa sababu tramadoli, dawa ya maumivu, hufunga choo, na kujikamua ndiko kulikonirudishia maumivu.