Hesabu Kodi Yako Kwanza, Ndipo Uhesabu Nafuu ya Pampu ya Joto

Hapa Ngamiani, Tanga, hakuna anayehitaji mashine ya kupasha nyumba joto. Januari, kaskazi inapovuma, sisi hutoka barazani kutafuta upepo. Hata hivyo nyumba nyingi za mtaani kwetu zina mtoto, kaka au wifi anayeishi Marekani, na anapofikia hatua ya kununua nyumba huko, simu za kuomba ushauri huja huku kwa wakubwa wake. Mimi nilishika vitabu vya hesabu katika shamba la mkonge kwa miaka 22 kabla ya kustaafu, na ndiyo maana mdogo wangu wa Columbus, Ohio, aliponunua mfumo mpya wa kupasha nyumba yake joto alinitumia karatasi zote nizipitie. Alizituma akiwa ameshatia saini. Nayaandika yaliyotupata kwa sababu wapo ndugu ambao bado wanaweza kudai nafuu yao ya kodi na hawajui, na wapo wengine wanaotegemea fedha ambazo sheria haiwapi.

Nyumba yao ni ya zamani, na chini yake kulikuwa na tanuru la gesi ambalo lilikuwa limechakaa lakini likifanya kazi. Novemba 2023 kampuni moja ya ufundi iliwashauri waling'oe na kuweka pampu ya joto. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya, kwa sababu pampu ya joto haichomi kitu: hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa, ikivuta joto lililomo katika hewa ya nje, hata hewa ya baridi, na kulisukuma ndani, na kwa njia hiyo uniti moja ya umeme huweza kuingiza nyumbani joto la uniti mbili au tatu. Tatizo lilikuwa kwenye karatasi ya makadirio. Bei ilikuwa dola 11,200. Chini yake yalitolewa mapunguzo ya dola 600 kutoka kampuni ya umeme, kisha dola 2,000 zilizoandikwa kuwa ni nafuu ya serikali, na mwisho ikapigiwa mstari dola 8,600 kama ndiyo gharama halisi. Mdogo wangu na mkewe walipanga mkopo wao kwa kuamini kwamba zile dola 2,000 zitaingia mkononi baada ya kupeleka ritani ya kodi, yaani hesabu ya kipato na kodi ya mwaka, na kwamba watazitumia kupunguza deni.

Sheria yenyewe ya Marekani, kwa mifumo iliyofungwa kuanzia 2023 hadi mwisho wa 2025, iliruhusu mwenye nyumba kupata nafuu ya asilimia 30 ya gharama ya pampu ya joto, vifaa na ufundi kwa pamoja, lakini isizidi dola 2,000 kwa mwaka. Punguzo la kampuni ya umeme liliondolewa kwanza. Kwa hiyo dola 10,600 zilizobaki zilitoa asilimia 30 ya dola 3,180, na kikomo kikaishusha hadi 2,000. Kufikia hapo karatasi ya fundi haikukosea. Jambo ambalo haikulisema ni kwamba nafuu hii ilipunguza kodi uliyotozwa kwa mwaka huo, na kodi hiyo ilipofika sifuri, nafuu ilikomea hapo hapo. Kilichobaki hakikulipwa kwa fedha taslimu wala hakikuhamishwa mwaka unaofuata. Kilipotea.

Naomba msomaji asiipite sehemu hii kwa haraka, kwa sababu watu wengi niliozungumza nao huichanganya. Kodi ya mwaka si ile fedha unayodaiwa au kurudishiwa mwezi wa Aprili. Kodi ya mwaka ni jumla inayokokotolewa kwenye kipato chako chote, iwe imekwisha kukatwa kwenye mshahara au bado, kama vile huku kwetu kodi ya PAYE inavyokuwa imeshalipwa kabla mshahara haujakufikia. Mwaka 2023 mdogo wangu alikuwa akifanya kazi peke yake, mkewe alikuwa hajaanza kazi, na hawajajaaliwa mtoto bado. Mshahara wake ulikuwa dola 41,400. Wanandoa wanaopeleka ritani ya pamoja walisamehewa dola 27,700 za kwanza mwaka ule, hivyo kipato kilichotozwa kodi kikawa dola 13,700, na kwa kiwango cha asilimia 10 kodi yao ya mwaka mzima ilikuwa dola 1,370. Hicho ndicho kiasi cha juu kabisa ambacho nafuu ingeweza kuwapa. Dola 630, ambazo kwa viwango vya wakati ule zilizidi shilingi 1,500,000 za kwetu, zilipotea, na deni la mkopo likabaki na pengo hilo.

Aliponipigia simu kunieleza, alianza kwa shikamoo kama kawaida yake, kisha akanyamaza. "Dada, waliniambia ni haki yangu," akasema. Haki yake ilikuwapo, ila kipimo chake kilikuwa ndani ya ritani yake mwenyewe, na fundi hakuwahi kuiona ritani hiyo. Ndiyo maana nilimwambia kila aliyeniuliza: kabla hujaamini tarakimu ya nafuu iliyoandikwa na muuzaji, chukua ritani ya mwaka uliopita, utafute mstari wa jumla ya kodi, kisha ujiulize kama kipato cha mwaka huu kitaongezeka au kitapungua.

Lililoniuma zaidi ni suala la tarehe. Mwaka wa kudai nafuu ulifuata siku mfumo ulipofungwa na kuanza kutumika. Siku ya kutia saini au ya kulipa arubuni haikuhesabiwa. Pampu yao ilifungwa tarehe 19 Desemba 2023, baada ya kampuni kuwahimiza wakamilishe kabla ya mwaka kwisha. Wifi yangu alianza kazi Januari 2024. Kwa mwaka huo mpya kipato chao cha pamoja kilifika dola 66,000 na kodi yao ikawa karibu dola 3,950, kiasi ambacho kingeimeza nafuu yote ya dola 2,000 na kubaki. Tanuru lao bado lilikuwa likipasha nyumba. Wangesubiri wiki tatu tu, wasingepoteza hata senti. Fundi anayekuhimiza uwahi mwisho wa mwaka huenda ana sababu zake za biashara, lakini kalenda ya kodi yako ni yako, nawe ndiye wa kuipanga.

Januari hiyo hiyo nilikwenda kuwatembelea, nikaiona mashine yenyewe uani, imeinuliwa juu ya miguu ya chuma ili theluji isiifunike. Asubuhi moja niliikuta imevaa ukoko wa barafu ubavuni, nikadhani imeharibika. Baada ya muda mfupi feni ilisimama, mlio ukabadilika, maji yakaanza kuchuruzika, na mvuke mweupe ukapanda kama wa sufuria ya wali inayofunuliwa. Baadaye nilielewa kwamba mashine hujigeuza kwa dakika chache ili kuyeyusha barafu yake yenyewe, kisha hurudi kwenye kazi ya kupasha. Pembeni ina kibati chenye namba ya modeli na namba ya mashine. Nilizinakili zote mbili, kwa sababu si kila pampu ya joto ilistahili nafuu. Sheria ilitaka ile iliyofikia daraja la juu la ufanisi lililowekwa, na mashine ya nje hupimwa pamoja na ile ya ndani, hivyo namba ya moja peke yake haitoshi. Mwombe muuzaji cheti cha mtengenezaji kinachotaja zote mbili, ukihifadhi pamoja na ankara. Nafuu hudaiwa kwa Fomu 5695, na huambatanishi risiti, lakini siku ukiulizwa na mamlaka ya kodi utatakiwa kuzionyesha. Kwa mifumo iliyofungwa 2025 ilitakiwa pia kuandika kwenye fomu msimbo wa mtengenezaji aliyesajiliwa.

Kosa la pili tulilizuia mapema. Mwaka 2024 waliweka sufi ya kuzuia joto lisitoroke darini, na hiyo ilikuwa na nafuu yake, asilimia 30 ndani ya kikomo cha dola 1,200 kwa mwaka, kwa kuwa vikomo hivi vilianza upya kila Januari. Ankara ilikuja na mstari mmoja tu: dola 2,600. Katika pampu ya joto gharama za ufundi zilihesabiwa, lakini katika sufi, milango na madirisha vilihesabiwa vifaa peke yake. Nilimwambia mdogo wangu airudishe ankara hiyo kwa fundi, iandikwe upya kwa mistari miwili. Vifaa vilikuwa dola 1,500, ufundi dola 1,100, na wakadai dola 450 wakiwa na maandishi ya kuzithibitisha. Mazoea yangu ni kwamba ankara isiyotenganisha vitu irudishwe siku ile ile, kabla hujailipa, kwa sababu baada ya malipo hakuna anayeharakisha kuiandika tena.

Kijana mmoja wa hapa mtaani anayeishi Minneapolis aliniuliza kama anaweza kudai nafuu ya Marekani kwa hita ya maji ya jua aliyoifunga kwenye nyumba ya wazazi wake, Raskazone. Hawezi. Hita za maji ya jua na pampu zinazochota joto ardhini zilikuwa na nafuu ya aina nyingine, asilimia 30 bila kikomo cha dola, na sehemu isiyotumika ilihamia mwaka unaofuata. Lakini nyumba ilikuwa lazima iwe Marekani na wewe uwe unaishi humo, na ndiyo maana hata mwenye nyumba ya kupangisha tu hakupata. Kwa nyumba ya huku msaada ulikuwa katika bei ya dukani: Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, iliweka katika orodha ya msamaha paneli za jua na vifaa vya kukusanya joto la jua vya mirija. Orodha hiyo huguswa na Sheria za Fedha zinazoanza Julai kila mwaka, kwa hiyo kabla ya kulipa angalia iliyopo sasa, kisha dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, uone kama umetozwa kodi hiyo.

Kuhusu Marekani, mlango umefungwa. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ilikomesha nafuu zote hizo kwa kazi zilizokamilika baada ya 31 Desemba 2025, na muuzaji anayeendelea kuziweka kwenye makadirio ya mfumo mpya asisikilizwe. Ila aliyefunga pampu yake 2023, 2024 au 2025 na hakudai, kwa kawaida ana miaka mitatu tangu alipopeleka ritani kuisahihisha kwa Fomu 1040-X. Jirani yangu hapa ana binti aliyefunga pampu ya joto Oktoba 2024, akapeleka ritani Aprili 2025 bila kujua kwamba kuna nafuu yoyote, na kodi yake ya mwaka ule ilizidi dola 4,000. Huyo anaweza kusahihisha hadi Aprili 2028, naye nafuu yake haitapungua. Ankara anayo. Kilichokosekana ni cheti cha mtengenezaji, na kampuni iliyomfungia haipokei simu tena, hivyo juzi nilimwomba mama yake amwambie atoke uani akapige picha kibati cha mashine ya nje, kisha ashuke chini ya nyumba akapige na cha ile ya ndani, atutumie zote mbili ili tuanze kumwandikia mtengenezaji.